Mafuta ya Ufuta Kwenye Kiungo cha Mkasi

Ninyi mnaovaa eproni mpya na kusimama mbele ya masinki ya vituo vya afya, hebu nisikilizeni. Mimi sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba nikafunga daftari, na miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mhudumu. Nimefagia, nimepiga deki, nimemwaga vyombo vya wagonjwa, na mwishowe nikawekwa kuosha vifaa vya upasuaji katika kituo kimoja cha afya kwenye njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Jina la kituo silitaji. Kosa ninalotaka kuwasimulia lilikuwa langu mimi.

Aliyekuwa hatarini aliitwa Rehema. Alikuwa anauza vitumbua stendi, binti mcheshi, ukinunua viwili anakuuliza kama nyumbani kwako mnafunga. Alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji pale kituoni kwetu. Siku ya nne mshono wake ukaanza kunuka. Nitafika huko. Kwanza nieleze mkono wangu ulivyofundishwa, maana kosa huanza zamani kabla mtu hajaliona.

Kwetu Mabwerebwere, nilipokuwa msichana, mwanamke alipimwa kwa masufuria yake. Mama mkwe akija kukutembelea hakuangalia uso wako. Alikwenda moja kwa moja uani kwenye kichanja, anageuza sufuria, anatazama makalio yake. Likiwa jeusi, habari zako zimefika mpaka kisimani. Kwa hiyo mama yangu alinifundisha kusugua kwa mchanga na majivu, nasugua mpaka naona meno yangu kwenye sufuria. Ndio mkono niliokwenda nao kazini. Nilipokabidhiwa mikasi na makoleo ya daktari, mimi niliona masufuria madogo. Nikaenda sokoni nikanunua ule waya wa kusugulia vyombo, na nikasugua.

Viling'aa, wajukuu zangu! Viling'aa kama vitu vya harusi. Daktari wetu, Daktari Lusajo, kijana mrefu wa kutoka Mbeya, alivishika akasema, "Mama Zuhura, wewe ulikuwa umejificha wapi siku zote?" Nikavimba kichwa. Hakuna aliyeniambia kwamba waya ule unachuna chuma, kwamba kila mchubuko ni shimo, na kwamba kwenye lile shimo damu inakaa kama mtu aliyepewa chumba. Kitu kinaweza kung'aa na kikawa kichafu. Hilo liandikeni mahali.

Na tulikuwa na desturi nyingine. Zamani tulifundishwa kwamba kifaa kikitoka kwa mgonjwa kinatumbukizwa kwanza kwenye maji ya klorini, dakika kumi, ndipo kioshwe. Baadaye maelekezo yalibadilika, tukaambiwa tuache, tuoshe kwanza. Mimi nilisikia, lakini sikutii. Niliona wanaokuja na semina ni watoto. Nikaendelea na klorini yangu, na wala si kwa dakika kumi. Natumbukiza, napiga deki chumba kizima, nakunywa chai, nasogoa na mpishi, narudi nakuta maji yamekuwa ya rangi ya chai ile ile niliyokunywa. Kumbe klorini ikikuta damu inaishiwa nguvu hapo hapo, damu nayo inang'ang'ania chuma, na chuma chenyewe kinaliwa. Haya ni mambo matatu mabaya kwenye ndoo moja, na mimi nimeegemea ukuta nikiamini nafanya usafi.

Usafi wenyewe una maudhi, msidhani ni damu tu. Kuna wakati nilisaidia maabara. Mtaalamu wa pale, Baraka, alikuwa bado anatumia vile vichupa vya kioo vya kupimia. Nikavipiga sabuni ya unga kwelikweli, nikasuuza mara moja, nikaanika. Asubuhi namsikia anapiga kelele, "Mama Zuhura! Damu zote za leo zimepasuka!" Nikakimbia nikidhani amemwaga. Akanionyesha, maji juu mekundu kama sharubati, ile damu haijatulia chini inavyotakiwa. "Umeniachia sabuni humu," akasema. "Mgonjwa hana tatizo, tatizo ni povu lako." Watu kumi na zaidi walichomwa sindano upya siku hiyo, na kila aliyetoka alinitazama mimi. Tangu hapo nasuuza mpaka kidole kikipita juu ya kioo kinalia. Sabuni iliyobaki nayo ni uchafu, tofauti yake inanukia vizuri tu.

Basi, turudi kwenye mikasi. Klorini ilikuwa imeila, waya umeichubua, ikaanza kuwa migumu. Siku moja Daktari Lusajo alitoka chumba cha upasuaji na mkasi mkononi, jasho linamtiririka. "Mama Zuhura, huu ni mkasi au mlango wa gereza? Nimetumia mikono miwili kuufungua, na tumbo la mtu lilikuwa wazi!"

Nikaona aibu. Na aibu ni mwalimu mbaya. Sikwenda kuuliza mtu. Nilikwenda nyumbani nikawaza, cherehani ikikaza tunafanyaje? Tunatia mafuta. Bawaba ya mlango ikilia? Mafuta. Kaka yangu analima ufuta, mafuta ya ufuta ndani kwangu hayakauki. Nikajaza kichupa cha dawa ya kikohozi, nikaenda nacho kazini, nikakiweka nyuma ya ndoo ya sabuni. Kila nikimaliza kuosha, tone moja kwenye kiungo cha mkasi, pale kwenye msumari ambapo miguu miwili inakutana. Nafungua, nafunga, nafungua, nafunga. Laini! Nafuta juu, nafunga kwenye kitambaa, nabandika ule utepe wa kuonyesha joto, naingiza kwenye jungu la mvuke. Utepe unatoka na mistari myeusi, maana yake furushi limepita kwenye moto. Nani angenikosoa?

Daktari alifurahi. "Mkono wako una dawa," akaniambia. Nikacheka.

Mama wa kwanza aliyepata usaha tulisema ni mwembamba, hana damu. Wa pili tulisema nyumba yao ina vumbi. Wote wawili walipona, kwa taabu. Wa tatu akawa Rehema, na wa tatu tukampata mchawi wake.

Asubuhi ya siku ile ya nne niliingia wodini na ndoo. Nikamkuta mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, mwanamke mwembamba aliyenizidi umri, ameinama juu ya kitanda. Pembeni ana chupa ya chai iliyojaa maji ya moto yenye majani ya mwarobaini, mkononi kanga iliyolowa. Kwetu mzazi hukandwa, mnajua. Lakini mimi niliona mvuke, nikaona kanga, nikasikia ile harufu ya mshono. Nikawaka.

"Unafanya nini wewe?"

"Namkanda mzazi."

"Unamkanda juu ya mshono?"

"Mgongo, mama. Na miguu. Tumbo sijaligusa."

"Hujaligusa! Na huo usaha umeshuka na mvua?"

Wodi nzima ikacheka. Rehema alitaka kusema kitu, homa ikamshinda, akafumba macho. Nami sikuishia hapo. Nikanyanyua sauti mpaka watu waliopanga foleni dirisha la dawa wakageuka: "Wewe ndiye utakayemuua mtoto wa watu kwa majani yako!"

Mtu mzima kuliko mimi. Wala sikumpa shikamoo.

Bi Mwanahawa aliikamua kanga, akaifunga chupa, akatoka. Daktari akaandika kwenye faili kwamba mshono umeharibiwa na dawa za kienyeji. Hamisi, mume wa Rehema, alipofika alisomewa hayo, akatoka nje nikamwona anaongea na mama yake karibu na uzio. Mkono wake ulikuwa unaonyesha barabara. Kuanzia hapo yule mama alikatazwa kuingia. Alikaa nje ya uzio na kibakuli cha uji, anamwomba yeyote anayeingia ampelekee mkwewe.

Siku ya pili yake akaja Sista Eunike. Alikuwa msimamizi wa mambo ya kuzuia maambukizi wilayani, Mkaguru wa milimani upande wa Berega, mfupi, mpole wa kutisha. Alipokewa na daktari, akaelezwa habari ya mama mkwe na mwarobaini. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na wale wawili wa kwanza, nao walikandwa na mama huyu?"

Wajukuu zangu, kuna maswali yanayomwagia mtu maji ya baridi. Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Wote tulijua kuhesabu mpaka tatu, na hakuna aliyekuwa amewaza hivyo.

"Nionyesheni mnapooshea," akasema Sista.

Niliwaongoza kwa madaha. Chumba changu kilikuwa safi, sakafu ungeweza kulia wali. Sista hakutazama sakafu. Alifungua kabati, akatoa furushi moja lililokwisha kutakaswa, utepe wake una mistari myeusi mizuri. Akanawa mikono, akalifungua, akachukua mkasi, akaupanua mpaka mwisho. Akakunja kipande cha bandeji nyeupe kikawa na ncha, akakipitisha kwenye kiungo. Akakizungusha. Akakitoa.

Kilikuwa cha kahawia.

Akachukua koleo, kipande kingine. Kahawia, na katikati kipunje cheusi kama mbegu, damu iliyokauka ya mtu nisiyemjua. Akachukua kifaa cha tatu. Hivi ndivyo vitu vilivyokuwa vimefungwa, vimeandikwa "tayari", vimewekwa kabatini kwa mikono yangu. Hivi ndivyo vilivyoingia tumboni mwa Rehema.

Sista alikipeleka kipande puani. "Nusa, daktari."

Daktari akanusa. "Karanga?"

"Ufuta," akasema Sista. "Sisi watu wa Kilosa hatupotezwi na harufu ya ufuta. Nani anapaka mafuta hapa?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema papo hapo. Sikusema. Nilisema, "Labda yalikuja nayo kutoka kiwandani, Sista." Wallahi, ndivyo nilivyosema, na kichupa changu cha kikohozi kiko hatua mbili nyuma ya ndoo. Nilimfikiria binti yangu Zuhura aliyekuwa chuo. Nilifikiria miaka yangu iliyobaki kabla ya kustaafu. Nilimfikiria pia yule mama nje ya uzio, na bado nikanyamaza. Mjue basi mtu mwenye heshima zake anaweza kufika wapi.

Sista hakubishana nami. Alimgeukia daktari. "Kesho una upasuaji?"

"Ninaye mama mmoja. Mtoto ametanguliza makalio."

"Utatumia mkasi upi?"

Daktari akatazama kabati. Mafurushi yamepangana, yote mazuri, yote yangu. Nikamwona yule mama wa kesho kwa akili yangu, simjui hata sura, anavua viatu vyake mlangoni.

"Ni mimi," nikasema.

Nikakitoa kichupa nikakiweka juu ya meza. Daktari Lusajo alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. "Mama Zuhura," akasema. Afadhali angenitukana.

Sista aliuliza polepole, kama mtu anayefumua mshono uzi kwa uzi. "Kwa nini mafuta?"

"Mikasi ilikuwa migumu."

"Ilikuwa migumu kwa nini?"

"Kutu."

"Kutu ya nini?"

"Klorini. Naiacha muda mrefu. Na waya wa kusugulia."

"Mama, mvuke ni nini?"

"Maji ya moto."

"Maji na mafuta umewahi kuyaona yanakaa pamoja kwenye sufuria?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mvuke haukufika kwenye kiungo. Ulipita juu. Wewe ulichukua damu ambayo hukuisugua, ukaifunika blanketi la mafuta, ukaipeleka kwenye joto. Vijidudu vimelala humo usingizi mtamu."

"Lakini utepe, Sista! Utepe umegeuka mweusi!"

"Utepe uko nje ya furushi. Unasema furushi limepita kwenye joto. Haujui ulichoficha ndani ya kiungo."

Daktari akakaa kwenye kiti changu, akashika kichwa. "Nimeandika kwenye faili kwamba ni mwarobaini," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Siku hiyo nililipa kwa mikono. Tulifungua kila furushi lililokuwa kabatini, tukarudia yote kutoka mwanzo, Sista amesimama begani kwangu. Nitawaambia alivyonifundisha, na wewe unayecheka hapo nyuma acha kucheka.

Kifaa kisikauke. Kikitoka kwa mgonjwa, kama huoshi papo hapo, kiloweke au kifunike na kitambaa chenye maji, maana damu iliyokauka ni saruji. Vaa glavu nene, si zile nyepesi za kupimia, na eproni, na kinga ya macho. Nilimwambia Sista miwani ile inanifanya nionekane chura. Akasema, "Chura mzima." Anza na maji ya kawaida, ya baridi. Mimi siku zote nilianza na ya moto, nikiona ndiyo yenye nguvu. Akanikalisha: "Yai ukilitia kwenye maji ya moto linafanyaje?" Linaganda. Na damu nayo inaganda, inashika chuma, hata ukiomba dua haitoki.

Halafu fungua. Kila chenye kiungo kipanuliwe, kila kinachoachana kiachanishwe, kila chenye tundu lipitishiwe brashi nyembamba na maji yapite mpaka yatoke yalivyoingia. Brashi laini, na usugulie ndani ya maji, sio juu, usije ukajirushia damu usoni. Kwenye meno ya koleo, kwenye msumari, kwenye kila mfuo. Sabuni iliyopimwa, si kwa kukisia. Suuza, suuza tena kwa maji safi, kausha. Kisha kitazame kwenye mwanga kabla hujakifunga. Ukiona hata alama, rudi mwanzo, usijidanganye kwamba moto utamaliza. Sista alisema neno ambalo nililicheka siku nyingi baadaye, siku hiyo sikuweza: "Kinyesi ukikichemsha, mama, unapata kinyesi cha moto."

Na kwenye jungu la mvuke, mkasi uingie mdomo wazi. Kama kiungo ni kigumu, sema. Yapo mafuta yake maalumu, yanayoyeyuka kwenye maji. Kama hayapo, sema hayapo. Mkasi mgumu ni aibu ya dakika moja. Mimi niliiogopa hiyo dakika moja.

Yule mama wa mtoto wa makalio alipasuliwa kwa vifaa vilivyooshwa mchana ule. Alipona, mshono ukafunga kama mdomo wa mwenye kiburi. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, nikaisaini.

Lakini Rehema alikuwa amezidiwa. Jioni ile ile ya siku ya kuosha, gari lilimpeleka Morogoro, mtoto amefungwa kifuani kwa shangazi yake, Hamisi kakaa mbele. Daktari aliandika barua ya rufaa, kwenye faili akakata ile habari ya mwarobaini, akaandika ukweli ili wenzake kule wajue wanapambana na nini, lakini Hamisi hakuna aliyemweleza. Kwa siku tatu hatukupata habari nzuri. Walimfungua tena, wakamsafisha ndani. Nilikuwa nikisikia simu ya daktari inaita nashika ukuta.

Siku ya nne nilikwenda kwa Bi Mwanahawa.

Nilimkuta uani anafunga mzigo kwa kanga kuukuu. Safari hii nikatanguliza adabu. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Karibu kiti. Chai ipo." Kama vile mimi ni jirani tu niliyekuja kuomba chumvi. Akanimiminia, akaendelea kufunga mzigo.

"Unasafiri?"

"Narudi kwa kaka yangu, Msowero. Hamisi hajanisemesha tangu siku ile. Nyumba ni yake, sitaki akirudi na mgonjwa anikute."

Nyuma yake, kwenye kona ya ua, niliona kisiki. Kinene kama paja, kibichi, bado kinatoa utomvu. Matawi yamelazwa kwenye ukuta, majani yameanza kunyauka.

"Huo ulikuwa mti gani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Mwarobaini. Niliupanda mwenyewe Hamisi akiwa anatambaa. Nimeukata. Na zile kanga nilizomkandia nimezichoma."

"Bi Mwanahawa, kwa nini?"

"Nimeshamwambia mwanangu ni mimi," akasema. "Nimemwomba radhi."

"Lakini uliniambia tumbo hukuligusa!"

"Sikuligusa."

"Sasa unakubalije?"

Ndipo akaacha kufunga, akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Daktari alisema. Nesi alisema. Wewe ulisema, tena mbele za watu. Watu wa hospitali wote mmesema. Mimi nani, nijue zaidi yenu? Nikajiambia labda mkono uliteleza, labda maji yalitiririka. Usiku nikilala nauona kabisa mkono wangu juu ya mshono. Sasa nauona kila mara."

Vijana, nimeona damu, nimeona watoto waliozaliwa hawalii. Sijapata kushtuka kama nilivyoshtuka pale, kwa mwanamke anayekumbuka kosa ambalo hakulifanya kwa sababu mimi nilimpigia kelele. Nilimweleza yote. Ufuta, kichupa, kiungo, kile kipande cha bandeji. Nilieleza vibaya, narudia rudia, machozi na kamasi. Alisikiliza, ameshika fundo la mzigo. Nilipomaliza, hakusema nimekusamehe, hakusema sikusamehi.

"Mpigie Hamisi," akasema. "Mwambie kwa mdomo wako."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje. Nikajitambulisha, nikasema maneno yale yale, safari hii kwa mpangilio. Upande wa pili nikasikia vigari vya wagonjwa vinapita kwenye korido.

"Mama yupo hapo?" Hamisi akauliza.

Bi Mwanahawa aliinamia simu. Nilidhani atalia, au atamsema. Akauliza, "Rehema amekula?"

"Amekula, mama. Uji, kikombe kizima. Homa imeshuka tangu asubuhi. Mama, anakuulizia wewe. Kila siku anakuulizia. Aliniambia tangu mwanzo kwamba hukugusa tumbo, mimi nikasema ni homa inaongea. Mama, panda basi uje."

Simu ikakatika. Bi Mwanahawa akaufungua mzigo wake, taratibu, akatoa nguo za Msowero, akaanza kuchagua za Morogoro. Mimi nikavuta kikombe changu, nikaona sasa naweza kumeza. Nikanywa funda la kwanza.

"Mwenzangu," akasema bila kugeuka, "ulisema kulikuwa na wanawake wengine wawili kabla ya Rehema."

"Walikuwapo."

"Nao waliambiwa nini?"

Nikafikiria. Mmoja tulimwambia ni mwembamba, hana damu. Mwingine tulimwambia nyumba yake ni chafu. "Tuliwaambia ni wao wenyewe," nikasema.

"Na mpaka leo wanajua hivyo?"

"Wanajua hivyo."

Akanigeukia, gauni moja limening'inia mkononi.

"Sasa hapa unakunywa chai ya nini?"

Nikaweka kikombe chini, nikainuka.